Sukari ya Asubuhi na HbA1c: Ulinganisho wa Majibu na Dawa kwa Aliyegunduliwa Karibuni Kuwa na Kisukari

Mjomba wangu, mkulima wa mpunga mwenye umri wa miaka 63 huko Ahero, aliniletea Kisumu karatasi mbili za maabara zilizopingana. Ya kwanza ilisema kwamba sukari yake kabla ya kula ilikuwa milimoli 10.8 kwa lita, ilhali kuanzia 7.0 mtu huhesabiwa kuwa na kisukari. Ya pili ilikuwa ya kipimo kiitwacho HbA1c, nayo ilisema asilimia 6.0, chini ya kikomo cha 6.5. Kliniki iliyompima ilimshauri aamini karatasi ya pili kwa kuwa kipimo chake ndicho cha gharama zaidi, ikamruhusu aende nyumbani bila dawa yoyote. Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa ameugua hivi karibuni, na kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mwezi mmoja kabla ya siku hiyo alikuwa amelazwa kwa malaria kali na kuongezewa damu. Miezi minne baadaye alikuwa amekonda, anaamka mara tano usiku kwenda haja ndogo, na sukari yake ilikuwa imefika 19.

Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya mtu aliye mahali alipokuwa mjomba, mwenye majibu mkononi na chaguzi mbili mbele yake: nambari ipi aitegemee, na tiba ipi akubaliane na daktari wake. Uchaguzi wa pili unasimama juu ya ule wa kwanza, ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye vipimo kuliko inavyozoeleka. Kipimo cha dawa cha kila mtu hupangwa na daktari au afisa wa kliniki aliyemchunguza, na hakuna maandishi yanayoweza kushika nafasi yake.

Nambari ya asubuhi moja na nambari ya miezi mitatu

Kipimo cha sukari kabla ya kula kinajibu swali moja tu, nalo ni kiasi cha sukari kilichomo katika damu saa ile ile sindano inapoingia. Uzuri wake ni kwamba kinapatikana karibu katika kila kituo cha afya, ni cha bei nafuu na majibu hutoka siku hiyo hiyo. Udhaifu wake ni kwamba asubuhi moja haiwezi kuzungumza kwa niaba ya mwezi mzima, na kwamba kinaharibika kwa mambo madogo. Mtu anatakiwa awe amekaa angalau saa nane bila kula wala kunywa chochote isipokuwa maji. Lakini anayetoka Muhoroni alfajiri kuwahi foleni Kisumu mara nyingi ameshakunywa chai ya maziwa yenye sukari kabla ya kupanda matatu, na asipoulizwa, damu yake huandikwa kuwa ya mtu aliyefunga. Jambo la pili halijulikani sana, nalo hupotosha majibu kwa upande wa kuyashusha: damu iliyotolewa inaendelea kula sukari yake yenyewe ndani ya chupa, na isipowekwa katika chupa yenye dawa ya kuzuia hali hiyo, ambayo kwa kawaida huwa na kifuniko cha kijivu, hupoteza takriban asilimia 5 hadi 7 ya sukari kila saa. Sampuli iliyochukuliwa zahanati saa mbili asubuhi na kufikishwa maabara na bodaboda saa tano inaweza, kwa hiyo, kumfanya mgonjwa aonekane mzima kuliko alivyo.

Kuhusu mashine ya kidole ambayo wengi wanayo nyumbani, niseme kwa ufupi kwamba ni chombo cha kufuatilia ugonjwa, hakikukusudiwa kuuthibitisha. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kuzikubali mashine hizi kinaruhusu majibu yatofautiane na yale ya maabara kwa hadi asilimia 15 pale sukari inapokuwa 5.6 au zaidi, kwa hiyo mashine nzuri kabisa inaweza kusoma 8.0 ilhali ukweli ni 7.0 au 9.0. Anayepima kidole baada ya kumenya embe bila kunawa mikono hupata nambari ya juu isiyo ya damu yake.

HbA1c inajibu swali jingine. Sukari iliyomo katika damu hujishikiza kwenye hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni, na haibanduki hadi chembe yenyewe ife. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kiasi cha hemoglobini kilichoshikwa na sukari kinaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, huku wiki za karibuni zikiwa na uzito zaidi. Mgonjwa hahitaji kufunga, na hawezi kukidanganya kipimo hiki kwa kula vizuri siku mbili kabla ya kliniki, jambo ambalo wengi wetu tumelifanya au tumemwona ndugu yetu akilifanya. Asilimia 6 inalingana na wastani wa sukari wa milimoli 7.0 kwa lita, asilimia 7 na 8.6, asilimia 8 na 10.2, asilimia 9 na 11.8, na asilimia 10 na 13.4. Ukiona 48 au 53 kwenye karatasi yako usishtuke, kwa maana baadhi ya maabara huandika pia kwa kipimo kingine ambacho 48 ndiyo asilimia 6.5, na 53 ndiyo asilimia 7.

Hoja ya HbA1c, basi, imejengwa juu ya dhana kwamba chembe za damu zimeishi muda wake wa kawaida. Katika kanda ya ziwa dhana hiyo haiwezi kuchukuliwa hivi hivi. Malaria huvunja chembe nyekundu kabla ya siku zake. Selimundu, ambayo wengi huku huiita siko seli, huzifupisha maisha kabisa, na aliye na ugonjwa wenyewe hapaswi kupimwa kisukari kwa HbA1c. Aliyerithi jeni moja tu la selimundu haugui, na wengi wa namna hiyo katika Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia hawajui kwamba wanalo. Kwao kipimo kinaweza kusoma chini kidogo ya ukweli, na mashine nyingine za maabara husumbuliwa na hemoglobini hiyo kuliko nyingine. Aliyeongezewa damu amechanganyiwa chembe za mtu mwingine, zilizobeba sukari ya mtu mwingine, na inambidi asubiri takriban miezi mitatu kabla HbA1c yake haijawa na maana tena. Yote haya kwa kawaida huishusha nambari. Upungufu wa madini ya chuma, ambao nao ni wa kawaida hasa kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, kwa kawaida huipandisha, kwa sababu chembe chache mpya huzaliwa na zile kuukuu hubaki muda mrefu zikikusanya sukari.

Mtoto mmoja wa mjomba wangu ana selimundu. Mtoto hawezi kuupata ugonjwa huo wa kurithi bila kila mzazi kuchangia jeni, na kwa kuwa mzee mwenyewe hajawahi kuugua, ilikuwa karibu hakika kwamba anabeba jeni hilo. Malaria, damu ya kuongezewa na jeni la selimundu vilikuwa vimekutana katika mkono mmoja, na bado karatasi ya asilimia 6.0 ikapewa neno la mwisho.

Kwa hiyo, nikitakiwa kuchagua, nasema hivi. Kwa mkazi wa kanda ya ziwa, vipimo vyote viwili vifanywe mwanzoni kadiri mfuko unavyoruhusu, na vikipingana, sukari ya maabara irudiwe siku nyingine na ndiyo itegemewe hadi sababu ya tofauti ijulikane. Kwa mkazi wa Nakuru, ambako mwinuko hupunguza malaria, HbA1c inaweza kusimama peke yake kwa usalama zaidi, isipokuwa pale ambapo mgonjwa mwenyewe au wazazi wake wana asili ya pande za ziwa, jambo ambalo katika mji uliojengwa na wahamiaji wa kila kabila si la nadra. Na popote alipo, mtu asiye na dalili zozote hathibitishwi kuwa na kisukari kwa jibu moja la juu, yanahitajika mawili. Aliye na kiu kali, mkojo mwingi na kukonda hahitaji kusubiri jibu la pili ikiwa sukari yake ya wakati wowote ni 11.1 au zaidi.

Majibu yanayoamua dawa

Wengi hutoka kliniki wakiijua nambari ya sukari peke yake, ilhali dawa huchaguliwa kwa kutazama pia figo. Omba kujua kreatinini yako, yaani taka ya mwili ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, na kiwango cha uchujaji wa figo kinachokokotolewa kutokana nayo. Kiwango kikiwa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, figo zina ugonjwa wa kudumu. Kikiwa chini ya 30, baadhi ya dawa hazifai tena. Mkojo nao una namna mbili za kupimwa protini: kijiti kinachobadilika rangi, ambacho ni rahisi lakini hukosa kuona uvujaji mdogo wa mwanzo, na uwiano wa albumini (aina ya protini) na kreatinini, ambao huuona mapema, ukihesabiwa kuwa si wa kawaida kuanzia miligramu 3 kwa milimoli. Ukiweza kulipia kimoja, lipia uwiano.

Macho yapimwe ndani, kwa kupanuliwa mboni, tangu siku ugonjwa unapogunduliwa, kwa sababu aina ya pili ya kisukari huweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya kujulikana. Kwa wakazi wa magharibi, hospitali ya macho ya Sabatia katika kaunti ya Vihiga ni mahali panapojulikana kwa kazi hiyo. Miguu ikaguliwe bila viatu wala soksi, na presha ipimwe kila unapofika kliniki.

Metformini ikilinganishwa na glibenklamidi

Hizi mbili ndizo tembe ambazo mgonjwa mpya ana uwezekano mkubwa wa kupewa, na kwa kuwa zote ni za bei ya chini na zote huweza kushusha HbA1c kwa takriban pointi moja hadi moja na nusu, watu huzichukulia kama ndugu wawili wasio na tofauti. Tofauti ipo, nayo ni kubwa.

Metformini hufanya kazi hasa kwenye ini, kwa kulizuia lisimwage sukari nyingi katika damu, na hailazimishi kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Kwa sababu hiyo, ikitumiwa peke yake ni nadra sana kuishusha sukari kupita kiasi, na haimnenepeshi mtu. Maudhi yake ni ya tumbo: kichefuchefu, gesi na kuharisha, hasa wiki za kwanza. Wengi huiacha hapo, na wanaiacha bila sababu ya lazima, kwa kuwa maudhi hayo hupungua ikianzwa na miligramu 500, ikinywewa pamoja na chakula na kuongezwa polepole wiki kwa wiki. Ipo pia ile inayoyeyuka taratibu, ambayo tumbo huivumilia zaidi. Anayeitumia miaka mingi apimwe vitamini B12, hasa akianza kuhisi ganzi miguuni, kwa kuwa ganzi hiyo inaweza kudhaniwa kuwa ya kisukari pekee. Isitumiwe pale uchujaji wa figo unapokuwa chini ya 30, na isimamishwe kwa muda mtu anapotapika na kuharisha sana, hadi atakapokula na kunywa tena.

Glibenklamidi huikamua kongosho itoe insulini, mgonjwa awe amekula au hajala. Ubora wake ni kasi, kwani sukari hushuka ndani ya siku chache na mgonjwa hupata nafuu anayoihisi. Hatari yake iko katika kasi hiyo hiyo. Mtu aliyemeza tembe asubuhi, akaingia shambani kupalilia, chakula cha mchana kikachelewa hadi saa tisa, anaweza kuanza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba, kuchanganyikiwa na hata kuzimia. Mabaki ya dawa hii hutolewa kwa njia ya figo na bado yana nguvu, kwa hiyo kwa mzee au mwenye figo dhaifu sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baada ya kuonekana kwamba imepona, na mtu huyo anahitaji kuangaliwa hospitalini. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inataja gliklazidi katika kundi hili, na inaeleza kwamba glibenklamidi haifai kwa mtu mwenye zaidi ya miaka 60. Gliklazidi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo lakini mabaki yake hayana nguvu ya kuendelea kushusha sukari, na ndiyo ningemwombea mzee yeyote wa familia yangu endapo dawa ya kundi hili inahitajika.

Hapa naomba msomaji anielewe vizuri. Katika nyumba yenye mgonjwa anayetumia dawa ya kundi hili au insulini, kila mtu mzima na kila mtoto mkubwa ajue kwamba sukari chini ya 3.9 ni dharura: vijiko vitatu hadi vinne vidogo vya sukari katika maji, kupima tena baada ya dakika 15, kurudia ikiwa bado iko chini, kisha chakula. Aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni, apelekwe hospitali.

Kwa mgonjwa mpya asiye na dalili kali na mwenye figo nzima, uamuzi wangu hauna kigugumizi: metformini kwanza, na gliklazidi iongezwe pale tu metformini iliyofikishwa kipimo kamili inaposhindwa kutosha.

Dawa mpya zaidi, na insulini

Empagliflozini na dapagliflozini huifanya sukari itoke kwa njia ya mkojo. Ziliingizwa katika orodha hiyo ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Zikipimwa kwa sukari pekee, hazishindi tembe za zamani, na bei yake bado ni mzigo. Lakini kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeanza kushindwa kusukuma damu, au ambaye mkojo wake unavuja albumini, zinalinda moyo na figo kwa namna ambayo glibenklamidi haiwezi. Kwa huyo, gharama ina hoja. Ziambatane na usafi wa makini kwa sababu huleta fangasi sehemu za siri, na zisimamishwe mtu anapougua kiasi cha kushindwa kula au anapojiandaa kwa upasuaji, kwani huweza kusababisha damu kujaa asidi. Kabla ya kununua, uliza kliniki yako kama dawa hiyo inalipiwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Sindano mpya za kupunguza uzito sizilinganishi hapa, kwa kuwa bei yake inaziweka nje ya uwezo wa karibu kila ninayemwandikia.

Insulini huogopwa kuliko inavyostahili. Kuna wanaoamini kwamba kuchomwa insulini ni dalili ya kifo kukaribia, na imani hiyo imewachelewesha watu hadi wakapoteza miguu. Mgonjwa mpya aliyekonda ghafla, au ambaye sukari yake iko juu ya 16.7, au HbA1c yake juu ya asilimia 10, mara nyingi anahitaji insulini mwanzoni, na baadhi yao huweza kurudi kwenye tembe sukari ikitulia. Inashusha sukari kuliko dawa nyingine zote, nayo haina kikomo cha figo, ingawa kipimo hupunguzwa figo zinapodhoofika. Upande wa pili wa mizani una sindano za kila siku, uzito kuongezeka, hatari ya sukari kushuka, na swali la mahali pa kuihifadhi.

Swali hilo la mwisho lina jibu ambalo wengi vijijini hawajalisikia. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinahitaji friji yenye nyuzi 2 hadi 8, na asiye na friji anaweza kupanga na kituo cha afya zihifadhiwe huko. Chupa inayotumika inaweza kukaa kwa takriban wiki nne mahali penye ubaridi pasipopigwa na jua, na mtungi wa udongo uliowekwa katika chombo chenye mchanga mbichi hufanya kazi hiyo vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na shirika la Médecins Sans Frontières pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotumia joto lililopimwa katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, ulionyesha kwamba insulini iliyopitia nyuzi 25 hadi 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu yake. Kisumu na joto lake lote haijafika Dadaab.

Sahani

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi, kwa sababu hakishindani na dawa, huandamana nayo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa Desemba 2017, uliowahusisha watu 306 waliokuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka sita, ulionyesha kwamba asilimia 46 ya waliopunguza uzito kwa mpango maalumu wenye usimamizi walikuwa, baada ya mwaka, na sukari isiyo ya kisukari bila dawa. Walikuwa watu wanene. Aliyegunduliwa akiwa tayari amekonda asijinyime chakula kwa kutumaini matokeo hayo. Kwa wengi wetu jambo la kwanza ni ukubwa wa kipande cha ugali, na wala si rangi yake: ugali wa wimbi ukijaza sahani bado hupandisha sukari. Nusu ya sahani iwe osuga, mrenda au sukuma wiki, robo iwe omena au samaki, robo ibaki kwa ugali.

Mjomba alianzishiwa insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, pamoja na metformini. Kipimo cha aina ya hemoglobini kilithibitisha kwamba anabeba jeni la selimundu, kwa hiyo daktari wake aliamua kutoitegemea HbA1c peke yake. Mzee ana daftari la kurasa 48 ambamo huandika sukari ya kabla ya chai na ile ya saa mbili baada ya chakula cha jioni, siku tatu kwa wiki, akilenga 4.4 hadi 7.2 kwa ya kwanza na chini ya 10.0 kwa ya pili. Sukari ilipotulia, insulini ilipunguzwa hatua kwa hatua, kisha ikaachwa, akabaki na metformini na kipimo kidogo cha gliklazidi anachokimeza pamoja na uji. Daftari hilo ndilo analolitoa kwanza mfukoni anapoingia chumba cha daktari, kabla ya karatasi yoyote ya maabara.